Jina Kwanza, Neno Baadaye

Songoro alikuwa amefika kwenye herufi ya mwisho, na mimi nilikuwa nimeshika uzi. Kazi ya kushika uzi haina makuu. Ncha moja imefungwa kwenye msumari ukutani, ncha ya pili unaivuta wewe hadi uzi ukakamae, na mchongaji anaufuata ili maneno yake yasipande mlima wala kuteremka bondeni. Ukiulegeza, anaweka tindo chini na kupima upya. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo miezi minne bila kulegeza hata mara moja.

Maneno yenyewe yalikuwa haya: WATU WOTE WAMEZALIWA HURU. Hiyo ndiyo Ibara ya Kwanza ya Hati ya Jamhuri yetu. Ilichongwa kwenye ukuta wa jiwe jeusi katikati ya uwanja wa soko, ili kila mwananchi aione anapokwenda kununua vitunguu.

Songoro alipomaliza alipuliza vumbi, akaosha jiwe kwa maji aliyoletewa na mkewe, Tufaha, ambaye pia ndiye aliyekuwa akimnolea tindo. Kisha akamwuliza Mwenyekiti, kwa adabu, kama neno hilo limemgusa na yeye mchongaji. Mwenyekiti wa Bunge la Waasisi alikuwa Mheshimiwa Shebwana. Yeye ndiye aliyeitunga Ibara ya Kwanza, na yeye ndiye aliyemmiliki Songoro. Akajibu kwamba limemgusa, bila shaka, ila mikononi tu.

Nchi yetu wakati huo ilikuwa na umri wa miezi saba. Tulikuwa tumemfukuza mfalme aliyekaa ng'ambo ya bahari kwa sababu alitutenda kama watumwa. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa katika barua aliyopelekewa, na naamini ilikuwa barua ya kweli, kwa kuwa walioitia saini walikuwa na watumwa mia tano na kumi kwa jumla, na walijua vizuri mtumwa hutendwaje.

Waasisi walikuwa arobaini na mmoja. Mdogo wao alikuwa na miaka ishirini na sita, lakini Bunge lilipitisha azimio kwamba naye aitwe Mzee.

Mfalme alikuwa na tabia ya kutawala kwa mdomo. Leo anasema hivi, kesho anasema hakusema. Kwa hiyo sheria ya kwanza kabisa waliyoipitisha ilikuwa kwamba kisichochongwa si sheria. Ya pili waliichukua kwa Songoro mwenyewe, na hapa lazima nieleze desturi ya wachonga mawe.

Kabla ya uhuru, Songoro alikuwa akichonga mawe ya makaburi. Huko ndiko alikojifunza herufi, jiwe baada ya jiwe, maana kumfundisha mtumwa kusoma kulikatazwa, ila hakuna aliyekumbuka kukataza makaburi. Zamani, kabla yake, ukoo mmoja ulichongesha tusi juu ya kaburi la shemeji yao, kisha ukaruka, ukasema mchongaji amelitunga mwenyewe. Mchongaji akalipia kwa mgongo wake. Tangu siku hiyo wachongaji wakaweka desturi. Mwenye neno huja mbele ya watu, huweka kiganja kwenye jiwe, hulisema neno lake kwa sauti, na jina lake huchongwa kwanza. Neno hufuata baadaye.

Waasisi waliposikia desturi hiyo walifurahi kupita kiasi. Walikuwa na neno zuri na walitaka vizazi vijue limetoka kwa nani. Wakaipitisha kwa kauli moja iwe Kanuni ya Kiganja, wakaagiza ichongwe juu kabisa ya ukuta. Kisha wote arobaini na mmoja wakaja kulisimamia neno HURU. Walisukumana. Mzee yule wa miaka ishirini na sita alikanyagwa. Kila mmoja alitaka jina lake lichongwe pamoja na vyeo vyake, na ndiyo maana majina yalichukua miezi minne kasoro wiki, na neno lenyewe likachukua wiki.

Siku ile ile wapiga mbiu wakatumwa nchi nzima kuisoma Ibara ya Kwanza.

*

Kosa, kama lilikuwapo, lilikuwa la mpiga mbiu wa kusini, aliyesoma kwa sauti kubwa mno. Alisoma mbele ya shamba la pamba la Jemadari Lukoza, na ndani ya shamba hilo alikuwamo msichana aitwaye Zafarani, binti wa Songoro na Tufaha. Alikuwa huko mwaka wa pili. Mheshimiwa Shebwana alimtoa kuwa zawadi katika harusi ya Jemadari, pamoja na seti ya vikombe.

Zafarani alisikia, akaamini, akaweka jembe chini, akaondoka. Sitaki kumhukumu. Hakuwa amepata nafasi ya kuelezwa na wataalamu.

Habari zilifika mjini baada ya siku tano. Jemadari Lukoza aliingia bungeni na mbwa wake wawili, akasema kwamba ameituma mijibwa mingine na wapanda farasi, lakini wamezuiwa kwenye kizuizi cha kwanza. Karani wa kizuizi aliwauliza wanamkamata msichana kwa ibara ipi. Walimwambia kwa ibara ya kwamba ni wa Jemadari. Karani akafungua daftari lake. Humo ndani mlikuwa na ibara moja tu, akaisoma mara mbili, akawarudisha. Alikuwa kijana mwaminifu sana kwa kazi. Amehamishwa.

Watumwa wote wa nchi yetu walijua kwamba kutoka mashamba ya kusini hadi Mto Kiruwa ni mwendo wa siku ishirini na nne kwa mtu anayetembea kwa kujificha, na kwamba ng'ambo ya mto huo sheria yetu haifiki. Walijua, ila hawakulisema. Tufaha alianza kufunga fundo kwenye pindo la kanga yake kila asubuhi. Siku habari zilipofika alifunga mafundo matano kwa mpigo, akaendelea kunoa.

*

Bunge lilikaa siku hiyo hiyo na kuipitisha Ibara ya Pili kwa kura ya siri. Arobaini na mmoja walikubali, hakuna aliyekataa. Ibara yenyewe ilisema hivi: Isipokuwa wale wanaotumikia, ambao wakikimbia watarudishwa, na wakihesabiwa, watano watakuwa watatu.

Hapo kwenye hesabu pana sababu yake. Viti vya bungeni viligawanywa kwa idadi ya watu. Jemadari alitaka watumwa wake wahesabiwe ili apate viti, na waheshimiwa wa kaskazini wakamwuliza kama na wao walete ng'ombe wao. Wakakaa siku nzima. Mwishowe wakaafikiana kwamba kila mtumwa ni mtu kwa sehemu tatu katika tano. Songoro aliitwa mbele ya kamati ya hesabu apimwe kama mfano. Alisimama wakimzunguka na kamba. Alipoulizwa kama ana swali, aliuliza mikono imo katika zile tatu au katika zile mbili, kwa sababu kama haimo ingekuwa vigumu kuichonga ibara. Kamati ikaahirishwa kutafakari.

Kesho yake Songoro alinyoosha mkono, nami nikavuta uzi chini ya Ibara ya Kwanza. Kisha akauliza ni nani mwenye neno.

Uwanja mzima uligeuka kuwatazama Waasisi, na Waasisi wakatazamana. Wa kwanza akasema ana kidonda kiganjani. Wa pili akasema yeye aliunga mkono tu, na kuunga mkono si kuweka mkono. Mzee wa miaka ishirini na sita akasema yeye bado mdogo. Mheshimiwa Shebwana akahutubia. Alisema Ibara ya Pili ni mzigo mzito ambao historia imewabebesha bila kuwauliza, kwamba yeye binafsi hulia kila anapoifikiria, na kwamba hakuna anayeichukia zaidi yake katika wote walioipigia kura. Akatoa leso. Kisha akapendekeza neno hilo lisimamiwe na mfalme, kwa kuwa ndiye aliyeyaanzisha mambo haya. Ikaonekana mfalme hayupo, na kumwita kungehitaji kuomba radhi.

Jemadari alitaka kujua kwa nini mchongaji asichapwe tu akachonga. Akaelezwa kwamba mkono uliochapwa hutetemeka, na Ibara ya Pili itaonekana imepinda chini ya Ibara ya Kwanza, na wageni watasema hatuna umoja. Mchongaji mwingine anayejua herufi hakuwapo. Sheria ya kuwakataza watumwa kusoma ilikuwa imefanya kazi yake vizuri.

*

Ndipo ikaundwa Kamati ya Kiganja Mbadala.

Kamati ilianza na glavu. Mheshimiwa akivaa glavu, walisema, kinachogusa jiwe ni ngozi ya mbuzi. Lakini ndani ya glavu lazima awemo mtu, na mtu huyo hakupatikana. Wakaagiza mkono wa mti, ukachongwa kwa mpingo, ukapakwa mafuta, ukaitwa Mkono wa Taifa. Ukazunguka mjini juu ya mto wa hariri, na watoto wa shule wakaimbishwa. Siku tatu zilipita. Ndipo mtu akakumbuka kwamba Kanuni inataka neno lisemwe kwa sauti, na Mkono wa Taifa haukuwa na mdomo.

Wakanunua kasuku.

Kasuku alifundishwa Ibara ya Pili siku nane katika chumba cha kamati, milango imefungwa. Chakula chake kilikuwa karanga, na kiapo chake cha uaminifu kilipokewa na katibu. Siku ya tisa alitolewa uwanjani akiwa amekaa begani kwa katibu, na Mkono wa Taifa ukaegemezwa ukutani. Songoro alishika nyundo. Mimi nilivuta uzi. Tufaha alikuwa amefunga mafundo kumi na saba.

Kasuku alitazama umati. Alitazama mkono wa mti. Kisha akasema, kwa sauti ambayo wote tuliitambua kuwa ya Mheshimiwa Shebwana:

"Mimi nisitajwe. Jemadari ndiye mwenye haja, aseme Jemadari."

Katibu alimpa karanga. Kasuku akaipokea, akasema tena, safari hii kwa sauti ya mwingine, kisha ya mwingine. Wote walikuwa wakiomba wasitajwe. Mama mmoja muuza mihogo karibu yangu aliweka kikapu chini na kumwambia mwenzake polepole, "Shoga, hata ndege hataki jina lake ukutani."

Kicheko kilianzia hapo na kikafika hadi kwenye mabanda ya vitunguu. Taarifa ya Bunge ilisema kwamba shughuli iliahirishwa kutokana na hali ya hewa.

*

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya mapaa, Mheshimiwa Shebwana alikuja peke yake. Mimi nilikuwa nakunja uzi, na kwa kuwa mshika uzi haonekani sana, alizungumza kana kwamba sipo.

Alitoa karatasi mfukoni. Alisema kwa upole kwamba amemwandikia Songoro hati ya uhuru, yeye na mkewe, imetiwa saini na mhuri, na kwamba kinachobaki ni Songoro kuichonga Ibara ya Pili bila kuuliza habari za kiganja. Songoro aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akaisoma taratibu kama anavyosoma jiwe.

"Na Zafarani, bwana?"

"Zafarani ni wa Jemadari. Siwezi kugawa mali ya mwenzangu, Songoro. Huo utakuwa udhalimu, na tumepigana kuuondoa."

Songoro alisoma tena hadi chini. Kisha akairudisha, kwa mikono miwili vile vile.

"Weka kiganja, bwana, nami nitachonga hata sasa hivi. Neno lisilo na mwenyewe silichongi. Nikilichonga, litakuwa langu."

Mheshimiwa aliutazama mkono wake. Ulikuwa mkono mzuri, mlaini, wenye pete moja. Aliufungua, akaufunga.

Tufaha hakuinua macho kutoka kwenye jiwe la kunolea. "Mkono huo ndio uliomshika mwanangu ukampa Jemadari mbele ya wageni mia mbili," alisema. "Siku ile haukuwa mzito, bwana."

Mheshimiwa Shebwana alitoa leso, lakini hakulia. Alikunja hati ya uhuru mara mbili, akairudisha mfukoni, akaondoka akiupitia upande wa pili wa ukuta, ule usio na maandishi.

*

Asubuhi yake Tufaha alifunga fundo la kumi na nane, na Jemadari Lukoza akaja.

Lazima nimtendee haki Jemadari. Alikuwa amekasirika kwa sababu kasuku alimtaja hadharani, lakini hakuja kukanusha. Alikuja kwa miguu yake, mbwa wawili nyuma, akawapita wenzake waliopangwa mstari chini ya miavuli, akasimama mbele ya jiwe.

"Mnaona haya," aliwaambia. "Mnakula na mimi, mnapiga kura na mimi, kisha mnaona haya. Mimi sioni haya. Neno hili ni langu na nitalisimamia hadi kufa."

Akabandika kiganja ukutani, akaisema Ibara ya Pili yote, tangu isipokuwa hadi watatu, kwa sauti iliyofika kwenye mabanda ya vitunguu. Hakuna aliyecheka. Waasisi arobaini walishusha pumzi, na baadhi yao walipiga makofi kwa vidole viwili. Kanuni ilikuwa imetimia. Niliangalia pindo la kanga ya Tufaha. Bado siku sita.

Songoro aliinama, akaokota mkaa, akazungusha mstari kufuata kiganja cha Jemadari, kama desturi inavyotaka. Alifanya hivyo bila haraka, kidole kwa kidole. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile anayowaulizia wafiwa:

"Jina kwanza, Jemadari. Nichonge jina tupu, au pamoja na vyeo?"

Mheshimiwa Shebwana alikuwa mtu wa akili. Niliona akili hiyo ikimfika usoni. Aliacha mwavuli wake, akaja mbio ndogo, akamnong'oneza Jemadari kwamba jina tupu linatosha, kwamba unyenyekevu ni pambo la wakubwa, kwamba kuna msichana anayekwenda kwa miguu.

Jemadari alimtazama kutoka juu hadi chini. "Jina langu tupu? Chini ya lile langu la juu ambalo lina vyeo sita? Watasema nimepunguzwa."

"Jemadari, tafadhali."

"Na vyeo vimeongezeka vitatu tangu pale."

Akamgeukia Songoro, akavitaja vyote, naye Songoro akaviandika kwa mkaa ukutani huku akiomba arudie pale asiposikia. Mtukufu Jemadari Mkuu Lukoza wa Mashamba Saba, Mvunja Minyororo ya Mfalme, Baba wa Pamba, Mlezi wa Mayatima, Mlinzi wa Kizuizi cha Kusini, Mkufunzi wa Mbwa wa Taifa, Mpenda Uhuru Daraja la Kwanza. Vilijaza mistari minne. Tufaha alipatwa na kikohozi, akalazimika kugeukia ndoo ya maji.

"Na herufi ziwe na kina gani?" Songoro aliuliza.

"Kina cha kutosha."

"Kidole kizima, Jemadari? Kidole kizima hakifutiki hata kwa mvua ya miaka mia tatu. Wajukuu wa wajukuu wataligusa jina kwa mkono na kujua nani alisema."

"Kidole kizima," alisema Jemadari, akajitazama kwenye jiwe jeusi lililokuwa bado na maji, akarekebisha ukosi.

Songoro akaanza. Nimemwona akichonga kwa haraka, siku za makaburi, kunapokuwa na maiti wawili wanaosubiri. Siku hiyo hakuwa na haraka. Alipiga nyundo, akapuliza, akaingiza kidole kupima kina, akatoa, akapiga tena. Tindo lilipopungua makali hata kidogo alimpa Tufaha, na Tufaha alilinoa kama mtu anayenoa kwa ajili ya harusi. Waasisi walisimama hadi adhuhuri, kisha wakaagiza viti, kisha wakaenda kula. Jemadari alibaki kidogo akiangalia M ya Mtukufu ikizama kwenye jiwe, kisha mbwa wakachoka.

Alasiri upepo ulipita na uzi ukacheza. Songoro aliweka tindo chini, akapima upya kutoka kwenye msumari. Baada ya muda uzi ukacheza tena, na akapima tena. Mara ya tatu alinitazama. Hakusema kwamba hapakuwa na upepo, na mimi sikusema.

Jua lilipofika usawa wa mapaa alikuwa amemaliza neno Mtukufu. Lilikaa pale peke yake chini ya HURU, lenye kina cha kidole, na pembeni yake mchoro wa kiganja ambacho mji mzima ulijua ni cha nani. Watu waliotoka sokoni walisimama kulitazama. Muuza mihogo aliingiza kidole chake ndani ya herufi, akakitoa, akaenda zake.

Songoro aliosha tindo, akalifunga kwenye gunia pamoja na nyundo. Alinyoosha mgongo. Nilikunja uzi, nikauacha umening'inia kwenye msumari.

"Atakuwa amefika wapi, mama Zafarani?"

Tufaha alishika pindo la kanga, akapitisha vidole juu ya mafundo yote kumi na manane. "Kwenye misitu ya mianzi. Kesho atauona mlima wa mwisho."

Songoro alitazama mistari ya mkaa iliyobaki, akaigusa moja baada ya nyingine, Jemadari, Mkuu, Lukoza, hadi kule chini kwa mbwa wa taifa.

"Basi kesho," alisema, "tutaanza na J."